Waliohesabu Moshi Wetu

Jiko la gesi nilimnunulia mama kwa jasho la cherehani yangu, na siku nilipompelekea nilijiona binti wa kupigiwa mfano. Nilitoka nalo Garsen limefungwa nyuma ya bodaboda, mtungi pamoja na kichwa chake cha kupikia, na njia nzima nikawa nawaza jinsi majirani watakavyochungulia. Mama alisimama mlangoni akinitazama nikiliwasha. Ule moto wa buluu ulipotoka alipitisha kiganja juu yake, akauliza moshi wake unakwenda wapi.

Nikamwambia hauna moshi, na kwamba hiyo ndiyo sifa yake.

"Sasa mtu atajuaje kama nimeamka?" akauliza.

Nilicheka mpaka nikashika fremu ya mlango. Jioni, nikirudi Garsen, nilimsimulia mwendesha bodaboda, naye akacheka. Ni mtu wa kijiji chetu, baba wa watoto watatu, na hunibeba tangu nihamie mjini kushona sare za shule. Tulicheka wote wawili barabarani.

Mimi nilizaliwa katika kijiji cha zamani, ukingoni mwa Tana, kabla hatujahamishiwa huku juu upande wa barabara ya Tarasaa. Zilikuwa nyumba kama ishirini za udongo na nyasi, kila moja na mafiga yake matatu nje, chini ya kijipaa. Alfajiri, kabla mtu hajashika jembe au kwenda kutazama mitego yake ya samaki, aliyeamka kwanza alisimama uwanjani akahesabu moshi. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Ukienda mtoni unahesabu, ukienda chooni unahesabu, na sisi watoto tulijua idadi ile kabla hatujajua kuandika. Nyumba ambayo jua lilichomoza haijatoa moshi haikupigiwa hodi. Mtu aliingia tu, na kaa la moto juu ya kigae.

Mara nyingi halikuwa jambo. Moto umezimika, au mtu amepitiwa na usingizi. Kaa likawekwa mafigani, likapulizwa, aliyelileta akaenda zake. Kushukuru kulikatazwa. Bibi yangu mzaa mama alinifinya siku nilipotamka asante. Alisema moto haushukuriwi kwa sababu kesho utatoka kwako. Mwalimu mkuu, ambaye peke yake alikuwa na redio na viatu vya ngozi, aliletewa kaa na mjane aliyekuwa na khanga moja ya kushindia na kulalia. Mjane naye aliletewa kaa na mwalimu mkuu. Wote wawili walipiga magoti kwenye jivu wakapuliza.

Sisemi tulikuwa malaika. Tuligombania mipaka ya mashamba, tulisengenyana mpaka ndimi zikachoka, na mama yangu na shangazi yangu walinuniana misimu miwili kwa sababu ya kuku. Lakini asubuhi ambayo moshi wa shangazi haukuonekana, mama alibeba kaa, akaliwasha jiko la wifi yake, akahakikisha anapumua, akarudi nyumbani bila kusema neno. Kisha akaendelea kununa.

Ng'ambo ya mto, mbugani, walikaa wafugaji wa Kiorma. Kulikuwa na mama mmoja miongoni mwao, rika moja na mama yangu, aliyevuka kwa mtumbwi kutuletea maziwa ndani ya kibuyu kilichofukizwa moshi, akarudi kwao na ndizi au mchele. Yeye Mwislamu, sisi Wakristo. Kiswahili chake kilikuwa cha kuungaunga, na cha mama hakikuwa cha kujisifia, lakini waliweza kukaa asubuhi nzima wakicheka. Mwaka mmoja homa iliangusha nyumba yetu nzima wakati majirani wamelala mashambani wakifukuza ndege kwenye mpunga. Nilifumbua macho nikamwona mama yule wa ng'ambo amepiga magoti mafigani petu, anapuliza. Ndipo nilipojua kwamba hata wao walituhesabu.

Kisha ikaja ile miaka mibaya baina ya wakulima na wafugaji, miaka ambayo kwetu haizungumzwi mbele ya watoto. Mtumbwi ulifungwa upande wetu, na aliyetaka kuvuka alizunguka mbali. Ubaya ulipopoa yakaja mafuriko, moja, jingine, jingine tena, mpaka serikali ikasema basi, tukahamishiwa nchi ya juu. Tukapewa nyumba za mabati zilizopangwa mistari, kila mlango na nambari yake ya rangi nyekundu. Watu wakafurahi, nami nikafurahi. Baba alikuwa ameshakufa, na mama akapewa nyumba ya mwisho katika mstari wa tatu.

Huko juu watu hawakuwa wabaya, na ninalisema hili kwa sababu ni rahisi kuwalaumu. Walikuwa wamefunga milango tu. Wenye uwezo waliweka gesi, wengine makaa, na kila mmoja akapikia ndani ili asijulikane anapika nini au kama anapika. Kijiji kina kundi la WhatsApp, na kila asubuhi watu hutumiana picha za maua zilizoandikwa maneno ya baraka. Nami nilituma. Lakini ukisimama nje alfajiri kule juu hakuna kinachopanda angani, na ule unyamavu una namna yake ya kukaa begani mwa mtu. Mara ya kwanza nilipolala kwa mama niliamka mapema nikatoka, nikasimama nimesahau nilitoka kufanya nini.

Miezi michache baada ya lile jiko, habari za moshi zikaanza. Mwendesha bodaboda ndiye aliyeniletea. Alikuwa akipita alfajiri na abiria, akaona moshi umesimama juu ya mikindu ya kijiji cha zamani. Kule hapakai mtu. Kuna makaburi yetu, vipande vya kuta, na matete marefu kumshinda mtu. Siku ya kwanza moshi ulikuwa mmoja. Baadaye mitatu, kisha saba, saa ile ile kila asubuhi, na jua likishapanda haupo. Watu walianza kupitisha mbuzi wao njia nyingine. Mzee mmoja wa kanisa alisema tuombe. Wengine walisema wazi kwamba tuliowaacha chini ya udongo wameamka na wanapika, nao wamekasirika kwa kuachwa. Wahenga walisema palipo na moshi pana moto, lakini hakuna aliyejitolea kwenda kuutazama huo moto. Mimi nilikuwa hodari wa kuwacheka nikiwa Garsen.

Jumamosi moja nililala kwa mama. Niliamka kungali na kiza chepesi, mkeka wake mtupu, nikadhani ameenda msalani. Nikatoka nje, nikauona.

Moshi saba. Hakukuwa na upepo, na kila mmoja ulikuwa umesimama wima. Nami, mwanamke mzima mwenye wajukuu, bila kukusudia nikaanza kuhesabu kama nilivyofundishwa. Ule wa kando ya mto ni wa bibi yangu. Ule mwembamba ni wa mjane. Ule wa kati ni wa mwalimu mkuu, unaofuata ni wa shangazi, na ule wa mwisho ni wetu. Kila mmoja ulikuwa mahali pake hasa, na wote niliowahesabu, ukitutoa sisi, walikuwa wameshakufa. Nilirudi ndani nikafunga mlango kwa komeo, kisha nikakumbuka kwamba mama yuko nje, na nikaona haya kuwa nimemfungia.

Alirudi jua limechomoza, miguu ina tope. Alisema alikwenda kutazama mahindi. Nilipopokea khanga yake niitundike ilinuka moshi wa kuni. Alipokwenda kunawa nikauinua ule mtungi wa gesi, nao ulikuwa mzito kama siku niliyoununua.

Jumamosi iliyofuata nilijifanya nimelala, nikamfuata. Alitembea upesi kuliko nilivyomjua kwa umri wake, begi la kuni kavu mgongoni, bila tochi, akikata katikati ya mashamba. Kwenye matete nilimpoteza. Nikaifuata sauti yake, maana alikuwa akiongea, kwa sauti ya kawaida kabisa, ile anayoongea na jirani mlangoni. Aliuliza mtu kama mgongo umepoa. Akasubiri jibu, akasema, "Haya, tushukuru." Nilisimama pale matete yananigusa usoni, na nitasema ukweli, niliogopa mama yangu mwenyewe.

Kisha nikamwona. Alikuwa amefyeka uwanja mdogo kuzunguka majiko saba ya zamani, amerudisha mafiga mahali pake, na alikuwa akipita kutoka jiko moja hadi jingine na kaa juu ya kigae. Anawasha, anatia majani mabichi ili moshi upande, anauliza hali, anakwenda kwa mwingine.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na woga ukinipata hugeuka hasira papo hapo. Nilitokeza, nikaenda jiko lililokuwa karibu yangu, nikauzima moto kwa kiatu. Nikamuuliza anajua watu watamwitaje wakimkuta. Kikongwe peke yake, makaburini, alfajiri, anaongea na wafu. Huku kwetu mwambao wako vikongwe walioitwa wachawi wakauawa kwa sababu ndogo kuliko hiyo, na yeye anajua.

Alilitazama lile jivu. "Umemzimia bibi yako," akasema.

Lilikuwa jiko la bibi kweli. Nilitamani ardhi inimeze. Nikamuuliza, sasa kwa upole, anawasha kwa ajili ya nani. Akanionyesha ng'ambo kwa kidevu. Mwanzoni sikuona kitu, kisha nikaona moshi mwembamba ukipanda mbugani, mmoja tu, mbali.

"Anafukiza vibuyu vyake," mama akasema. "Yule yupo. Kila asubuhi anatutazama. Asipoona kitu atajua tumekwisha."

Nikamuuliza kwa nini basi asiwashe moto mmoja, wa kwake, ukatosha.

"Akiona mmoja atajua nimebaki peke yangu," akasema. "Atalia bure, na mto umejaa."

Ningekaa chini pale pale nikamsaidia kuwasha, ningekuwa na hadithi nyingine ya kusimulia leo. Lakini nilikwisha kuiona ile hatari, na hatari ilikuwa ya kweli: mamba, nyoka, kuanguka kwenye matete, na kubwa kuliko yote midomo ya watu. Nikamwapisha mbele ya kaburi la baba kwamba hatarudi tena kule. Alikubali upesi mno. Tulipokuwa njiani kurudi aliniuliza swali moja.

"Mimi nitaacha, mwanangu. Wewe utanihesabu?"

Nikamwambia nitampigia simu kila asubuhi. Nikampigia kweli, kila asubuhi, muda wa mwezi mzima. Kisha zikaja siku za kufungua shule, wazazi wamejaa kibandani kwangu, kila mmoja anataka sare ya mwanawe leo leo. Nikawa napiga jioni. Nikawa napiga siku nikikumbuka. Simu yake ilichajiwa kwa jirani mwenye sola, kwa hiyo mara nyingi ikipigwa inasema haipatikani, na sisi wote tulikwisha kuzoea kusikia hivyo. Moshi wa kijiji cha zamani ulikoma. Kule juu watu walisema maombi yamefanya kazi.

Alhamisi moja, saa sita mchana, mwendesha bodaboda alisimama mbele ya cherehani yangu bila kuzima pikipiki.

"Shangazi, ule moshi umerudi," akasema. "Mmoja. Tangu asubuhi, na jua lote hili hauzimiki."

Niliweka mkasi chini. Nilichokihisi kwanza ni hasira, na hilo ndilo ninalojilaumu nalo hadi leo. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno: kiapo mbele ya kaburi la baba, mama, na bado. Mwendesha bodaboda hakusimama kijijini, nilimwambia apite moja kwa moja mpaka njia inapoishia. Alinishusha ukingoni mwa mashamba, akasema atanisubiri hapo hapo. Hakutaka kusogea zaidi, nami sikumlazimisha.

Uwanja wa nyumba yetu ulikuwa umefyekwa upya. Mtu alikuwa ameketi mafigani, ameinama, shuka jeusi kichwani, akitia majani mabichi motoni. Nilianza kufoka nikiwa bado mbali. Akageuka, na hakuwa mama. Ulikuwa uso mkavu, mrefu, wenye macho ya ukungu, na ilinichukua muda kuutambua. Mara ya mwisho kumwona karibu nilikuwa msichana. Pembeni yake kulikuwa na kibuyu cha maziwa.

"Nagaa," akanisalimu kwa Kiorma, amani, kisha akaingia Kiswahili chake. "Moshi hapana. Mwezi hii yote, hapana. Mto ilikuwa kubwa. Sasa imepungua, mimi nazunguka kule mbali, nakuja. Nyumba naona imekufa." Akaonyesha kuta. "Lakini mimi naona mafiga, majivu mpya. Nasema, huyu mama iko. Nawasha moto yake, ataona, atakuja. Nangoja kutoka asubuhi."

Ilikuwa desturi yetu hiyo, nami nilikuwa nimeisahau kabisa. Ukiingia kwa mtu ukamkosa, unamwashia moto, ili aone moshi wake mwenyewe kutoka shambani arudi.

Aliniangalia. "Mama yako iko wapi?"

Nilitaka kujibu kwamba yuko nyumbani, kisha nikaugeukia ule moshi. Mama asingekaa nyumba ya mistari akauona moshi unatoka jikoni kwake, tangu alfajiri hadi adhuhuri, asije. Kiapo au hakuna kiapo, angekuja mbio. Mama mzee yule aliuona uso wangu, akajitwika kibuyu, tukaondoka.

Nilimwambia apande bodaboda, yeye katikati, mimi nyuma nimemshika. Tuliupita mstari wa kwanza na wa pili na watu wakatutazama kutoka madirishani. Mlango wa mama ulikuwa na komeo kwa ndani. Redio ilikuwa ikilia, chini chini, betri zikiisha. Jirani, ambaye ukuta wake hauko hata hatua sita kutoka wa mama, alitoka akasema kwamba mama yupo, redio ameisikia tangu juzi.

Tulivunja mlango. Alikuwa sakafuni ubavuni mwa jiko la gesi, mkono mmoja chini ya shavu, na kiberiti mkononi. Birika lilikuwa na maji. Sitasema zaidi ya hayo, ila kwamba alikuwa amepoa tangu jana yake au juzi, hakuna aliyeweza kunihakikishia.

Watu wakajaa. Walilia kweli, na jirani yule alilia kuliko wote. Sikumlaumu, kwa sababu yeye redio aliisikiliza, na mimi sikusikiliza chochote. Mama wa ng'ambo hakulia. Aliketi mlangoni, akamimina maziwa kwenye kikombe, akampa aliyekuwa karibu, akamimina tena, mpaka kila aliyekuja akanywa, wenye nyumba za matofali na wasio na chochote, kutoka kikombe kimoja. Baada ya miaka ile yote alikuwa Mworma wa kwanza kuketi kwenye matanga katika kijiji kile kipya. Hakuna aliyemuuliza amefuata nini.

Tulimzika kijiji cha zamani, kando ya baba. Kabla hajavushwa kwa mtumbwi kurudi kwao, mama yule alinishika kifundo cha mkono. Vidole vyake vilinuka moshi kama khanga ile.

"Wewe," akasema, "moshi yako nitaangalia wapi?"

Garsen nakaa chumba cha kupanga, napikia gesi, na juu ya paa langu kuna nyaya tu.

Kwa hiyo sasa nalala kijijini kila Ijumaa, na Jumamosi alfajiri nakwenda mafigani. Kuogopa sijaacha. Matete hayajapungua, na kuna asubuhi nikiwa napuliza nahisi kabisa kwamba kuna mtu nyuma yangu amesimama anahesabu. Sigeuki. Nawasha wa mama, wa bibi, wa shangazi, wa mwalimu mkuu, wa mjane, na ile miwili mingine, natia majani mabichi, kisha nasimama ukingoni natazama ng'ambo mpaka moshi wa mama yule upande. Kule juu nasikia wameanza kusema kwamba binti amerithi. Waseme. Bodaboda wangu, kwa upande wake, siku hizi hunisubiri mpaka ndani ya uwanja, ingawa hazimi pikipiki.

Leo nimewasha saba. Jua limetoka, limepanda juu ya miti ya ng'ambo, nami bado nimesimama. Kule mbugani hakuna kitu. Nimengoja zaidi kidogo, nikijiambia pengine amechelewa, pengine vibuyu vyake vimekauka, pengine wamehamisha ng'ombe. Maneno hayo nayajua, nilijiambia yote juu ya mama.

Nimechukua kigae, nikatia kaa kubwa kutoka jiko la mama, nikalifunika kwa jivu lisizimike njiani. Nimemwambia bodaboda aende zake, kisha nikateremka kuufungua mtumbwi.